Zombi wa Malindi asitafutiwe mchawi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niijibu barua ya msomaji mwenzangu wa hapa Malindi ambaye wiki mbili zilizopita alilalamikia filamu ya mazombi iliyotengenezwa na vijana wa mtaa wetu na kuonyeshwa uani kwa mmoja wao wakati wa likizo ya Agosti. Mwenzangu alisema kwamba filamu hiyo ni ya ovyo kwa kuwa imepigwa kwa simu na bila fedha, kwamba inayafanyia mzaha mauti, na kwamba kwa sababu hizo filamu za namna hiyo zipigwe marufuku katika kaunti nzima. Mimi nilikuwapo usiku huo, nimeketishwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki kwa heshima ya umri wangu, na mmoja wa waigizaji ni mpwa wangu, jambo ambalo ni haki wasomaji walijue kabla sijaendelea.

Kwa ambao hawakuiona, filamu yenyewe ina urefu wa dakika arubaini hivi. Mzee mmoja anapika dawa chunguni, wafu wanafufuka, wanaingia mjini, na mji badala ya kukimbia unajaribu kufanya nao biashara. Kuna zombi anayepanda tuktuk na kujadiliana nauli kwa ukali kama mtu yeyote wa Malindi, kisha anatoa noti ya shilingi 1,000 ya zamani, ile iliyoondolewa katika matumizi mwaka 2019. Dereva anaitazama na kusema, "Mzee, noti hii ilishakufa." Zombi anajibu, "Hata mimi." Uani kulivuma kicheko ambacho sijakisikia tangu enzi za kutazama vichekesho kwenye televisheni moja ya mtaa mzima. Damu yao ilikuwa shira ya mabuyu, sukari na rangi nyekundu, kwa hiyo kila zombi alikuwa na mdomo wa mtoto aliyetoka dukani, na ukiangalia vizuri utawaona nzi waliojiunga na waigizaji bila kualikwa.

Nianze na hoja ya mauti, kwa sababu hiyo siwezi kuipuuza. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, usio mbali na mji huu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingine ya watoto wadogo, na zipo familia zilizosubiri hadi mwaka 2024 kukabidhiwa watu wao ili wakawazike kwa heshima. Filamu ya vijana hawa ilikuwa na tukio la mikono inayochomoza kutoka kwenye mashimo yaliyochimbwa porini. Lilidumu sekunde chache tu, lakini mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliinuka, akajitanda vizuri mtandio wake na kuondoka bila kusema neno. Hatukuhitaji kuambiwa sababu. Kesho yake niliwaita vijana nikawaeleza, na tukio hilo wameliondoa, nao walilia kidogo, maana hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wameiga walichokiona katika filamu za kigeni bila kukumbuka wanaishi wapi. Katika hili mwenzangu amesema kweli, na ningependa ajue kwamba alisikika hata kabla ya kuandika.

Hoja ya umaskini ni nyepesi zaidi, kwa kuwa filamu za mazombi zimelelewa na umaskini tangu zilipochukua sura tunayoijua leo. Mwaka 1968 George A. Romero na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa Night of the Living Dead kwa takribani dola 114,000, fedha ambazo kwa sinema ya nchi ile zilikuwa kama nauli ya kwenda kazini. Hawakumudu picha za rangi, wakapiga nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa humo wekundu hauonekani, damu yao ilikuwa shira ya chokoleti. Vijana wetu na mabuyu yao wametangulia hatua moja. Hawakumudu majumba, wakawafungia wahusika ndani ya nyumba moja ya shamba usiku kucha, na kule kufungiwa ndiko kunakomfanya mtazamaji hadi leo ahisi kifua kinambana. Ilitokea pia kwamba jina la filamu lilibadilishwa kabla ya kutolewa, na ilani ya hakimiliki iliyoandamana na jina la zamani haikurudishwa, hivyo kwa sheria ya Marekani ya wakati huo kazi nzima ikawa mali ya kila mtu na wenyewe wakabaki kutazama wengine wakiiuza. Vijana wetu, ambao filamu yao imebadilishwa jina mara nne tangu Ramadhani, waisome habari hiyo kwa makini.

Baada ya Romero walifuata wengine wenye mifuko mitupu zaidi. Huko New Zealand, Peter Jackson, aliyekuwa kijana wa kazi katika gazeti moja la Wellington (zingatia hilo, Mhariri, unapowatazama vijana wa ofisini kwako), alitumia wikendi zake kwa takribani miaka minne kutengeneza Bad Taste, kichekesho cha viumbe wa sayari nyingine wanaokuja duniani kutafuta nyama ya binadamu, na vinyago vya viumbe hao alivioka katika jiko la mama yake. Muingereza Marc Price mwaka 2008 alitoa filamu iitwayo Colin ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimgharimu pauni 45 tu, kwa sababu kamera alikuwa nayo na waigizaji walikuja kwa kujitolea. Alichokosa katika fedha alikifidia kwa wazo moja: hadithi yote inamfuata zombi mwenyewe, tangu anapoumwa mpaka anapozurura mitaani asijue alikuwa nani, na mtazamaji anajikuta akimhurumia yule ambaye katika filamu nyingine angemshangilia akipigwa shoka. Karibu nasi, mtaani Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana amejulikana duniani kwa filamu za mapigano na vichekesho zinazotengenezwa kwa fedha ambazo hazitoshi posa.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ya Mjapani Shin'ichirō Ueda, ambayo kwa Kiingereza huitwa One Cut of the Dead. Iligharimu yeni milioni 3, waigizaji wake wengi hawakuwa na jina lolote, na mwaka 2018 ilianza katika kumbi mbili tu za Tokyo kabla ya kuenea na kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Inafunguka kwa dakika 37 zilizopigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haijazimwa hata mara moja, zikionyesha kikundi kinachotengeneza filamu ya mazombi na kuvamiwa na mazombi wenyewe. Dakika hizo zimejaa makosa: mtu anatoka nje bila sababu, mwingine anaduwaa kana kwamba amesahau maneno, kamera inaanguka chini na kubaki hapo. Mtazamaji anajiambia, kama mwenzangu alivyojiambia hapa Malindi, kwamba hii ni kazi ya ovyo. Kisha filamu inarudi nyuma na kumwonyesha yaliyokuwa yakitendeka upande wa pili wa kamera, na kila kosa lililomkera linageuka kuwa jasho la watu waliokuwa wakihangaika kazi yao isisimame. Sitasema zaidi nisije nikawaharibia ambao hawajaiona.

Naitaja kwa sababu filamu ya vijana wetu ilikuwa na tukio la namna hiyo, na wao wenyewe hawakujua thamani yake. Mazombi walikuwa wakivuka barabara karibu na soko wakati adhana ya alasiri ilipoanza. Hakuna aliyesema kata. Waigizaji wote, wakiwa na midomo yao ya mabuyu na nguo zilizochanwa, walisimama wima, wakainamisha vichwa na kutulia mpaka adhana ikaisha, kisha wakaendelea kujikokota. Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na upendo ndani yake, kwa sababu kila mmoja aliitambua adabu aliyolelewa nayo, na ikawa mazombi hawa ni wa kwetu kwa namna ambayo hakuna aliyezaliwa Pittsburgh angeweza kuibuni.

Kipo pia kicheko cha aina nyingine, na hicho walikipata kwa wingi. Kijana aliyeuawa dakika ya tano alirudi dakika ya ishirini akiwa polisi, jezi ikiwa ile ile. Katika hilo wana mkubwa wao, Mmarekani Ed Wood, aliyetengeneza Plan 9 from Outer Space, hadithi ya wageni wa sayari nyingine wanaofufua wafu wa dunia. Mwigizaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, alifariki mwaka 1956 baada ya kupigwa picha chache tu, na nafasi yake ikajazwa na tabibu wa viungo aliyekuwa akimhudumia mke wa Wood, ambaye hakufanana naye hata kidogo na hivyo ilimbidi ajifunike uso kwa joho kila alipotokea. Watu bado wanaicheka filamu hiyo, na si Wood aliyekusudia kuwachekesha. Msanii wa vichekesho vya kutisha anapaswa kujua ni kipi kati ya vicheko hivi viwili amekiomba.

Sasa nifike kwenye jambo hasa lililonifanya nishike kalamu, ambalo mwenzangu hakuligusa kabisa, na ukimya wake ulinitisha kuliko mazombi.

Anayewafufua wafu katika filamu hii ni mzee. Ana mvi, ana macho mekundu, anaishi peke yake katika kibanda cha makuti mwisho wa kijiji. Mwishoni vijana wanamzingira kwa mapanga, anakimbizwa mpaka kwenye mikoko, na kifo chake kinapowalaza mazombi wote, ua mzima, watoto kwa watu wazima, ulipiga makofi. Mhariri, mimi nina mvi, na macho yangu ni mekundu kwa miaka mingi ya kusahihisha insha kwa taa ya chemni. Sikupiga makofi. Tuko Kilifi. Katika kaunti hii wazee wamekatwa mapanga na kuchomewa nyumba kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na watoto na wajukuu wao wenyewe, na ukichimba kidogo chini ya tuhuma ile utakuta shamba la urithi. Huko Ganze kipo kituo, Kaya Godoma, kinachowahifadhi wazee waliotoroka makwao kwa ajili hiyo. Mtazamaji wa London akiona tukio kama lile ataliona kuwa ngano. Mtoto wa Malindi aliyeketi miguuni pangu usiku ule aligeuka akanitazama usoni, kisha akasogea kidogo.

Vijana walijitetea kwamba wamefuata mila, kwa kuwa zombi wetu ni ndondocha, au msukule kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, na kila msukule ana mchawi wake. Ni kweli, na inafaa tujue tofauti. Zombi wa sinema hula watu, na tangu miaka ya 1980 amezoeshwa kudai ubongo. Msukule wa hadithi zetu amekatwa ulimi, hulishwa pumba na hulimishwa shamba la mtu mwingine usiku. Haiti, alikotoka zombi wa sinema, nako simulizi za asili zinamhusu mtu aliyefufuliwa ili atumikishwe, na filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 iliwaonyesha wafu wakisukuma kinu cha miwa cha bwana wao. Sishangai kwamba hadithi hizi zina nguvu katika Haiti, nchi iliyolimwa na watumwa, na katika pwani hii, ambayo mashamba yake ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa na ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Anayezisimulia hadithi hizi anazungumzia dhuluma. Lakini dhuluma hiyo ilikuwa ya wenye mashamba na wenye bunduki, na mzee maskini wa kibanda cha makuti ndiye wa mwisho kufanana nao.

Hapo ndipo naona faida ya kuchanganya kutisha na sayansi, mchanganyiko ambao mwenzangu aliuita "vurugu". Romero alipowafufua wafu alimwondoa mchawi kabisa. Katika filamu yake redio na televisheni zinataja chombo cha anga kilichokuwa kikirudi kutoka sayari ya Zuhura na kulipuliwa kikiwa na mnururisho wa ajabu, hakuna anayejua kwa hakika, na kwa kuwa hakuna wa kukimbizwa kwa mapanga, wahusika wanabaki kutazamana wao kwa wao na kugundua kwamba hatari kubwa ni ugomvi wao wenyewe. Vijana wetu walikuwa na mbegu hiyo hiyo. Mpwa wangu anaigiza mwanafunzi wa chuo anayefungua kompyuta na kusema kwamba ndani ya chungu cha mzee mna virusi. Anasema mara moja, kisha kompyuta inafungwa na sayansi haisikiki tena, kwa sababu, kama alivyoniambia, betri iliisha.

Nao wanaishi mahali ambapo sayansi hiyo haihitaji kubuniwa. Kaskazini mwa Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka humo kwenda angani. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wapo wazee wa vijiji vile walioshuhudia mwanga wa roketi wakiwa mitumbwini. Kila mtu huwashauri vijana wakapige picha kwenye magofu ya Gede, ambako kwanza wanahitaji kibali, na mimi naona Gede imeshachoshwa na majini ya watalii. Jukwaa la chuma linalosimama baharini, lililorusha chombo angani kutafuta nyota zilizokufa, linanitisha zaidi, na ukilitazama kutoka ufukweni halikutozi shilingi.

Hatua chache kutoka hapo, upande wa Gongoni, yametandazwa mashamba ya chumvi, meupe mpaka macho yanauma. Wahaiti husimulia kwamba zombi akionja chumvi huzinduka, hukumbuka alikuwa nani na hurudi kaburini kwa miguu yake. Nilipowaambia vijana habari hiyo walinyamaza kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yao. Hebu fikiria wafu waliozinduliwa na kipande cha setilaiti wakijikokota barabarani kuelekea Gongoni, wakiwa hawajui wanavutwa na nini, na mtu pekee anayeelewa ni mzee mwenye mvi aliyewahi kufanya kazi Ngomeni akiwa kijana. Anaitisha baraza awaeleze watu, na baraza zima linaamua kwamba ndiye mchawi; kila anayesimama kumshtaki anataja, kwa bahati tu, mpaka wa shamba lake. Hicho ni kichekesho, na kinatisha, na kila mtu wa Kilifi atajua anachekwa nani.

Kuhusu marufuku sina mengi. Sheria ya filamu ipo, na kazi inayoonyeshwa hadharani inapaswa kuainishwa ili ijulikane ni ya umri gani. Vijana hawakufanya hivyo, watoto wa miaka sita walikuwa macho saa nne usiku wakitazama matumbo ya mbuzi, na kwa hilo wanastahili lawama. Lakini kuwafungia wao huku simu za watoto hao hao zikijaa mazombi wa Marekani na Korea ni sawa na kumzuia mwashi wa hapa asijenge, tukabaki kulalamika kwamba nyumba zote ni za wageni. Aidha, filamu za kigeni zinazotafsiriwa kwa utani vibandani, kama afanyavyo DJ Afro, zimewafundisha vijana hawa jambo ambalo shule yangu ilishindwa kuwafundisha, yaani kwamba Kiswahili kinaweza kuchekesha kwa kasi. Wameanza tu kukitumia kwa hadithi yao wenyewe.

Wanakusudia kupiga filamu ya pili mwezi Desemba, na wameniomba niigize mzee. Nimewapa masharti mawili: asikimbizwe kwa mapanga, na awe fundi mstaafu wa Ngomeni. Yote mawili wameyakubali. Tumekwama kwenye la tatu, ambalo ni lao, kwani wanataka kunipaka unga wa muhogo kichwani kwa madai kwamba mvi zangu hazionekani vizuri kwenye simu.

Mwalimu mstaafu,
Maweni, Malindi